Tujifunze Kusimamia Watu Tukiwa Bado Tunabeba Boksi

 

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo sijaliona likiandikwa katika kurasa hizi, ingawa wengi wetu linatugusa kila wiki. Tumeandika sana kuhusu viza, kuhusu ada, kuhusu nani apike na nani aimbe Usiku wa Utamaduni. Lakini jamani, nani katika sisi amewahi kufundishwa kusimamia watu kazini? Sisemi kusoma nadharia za uongozi darasani na kuchora vile vimchoro vya piramidi. Nasema kusimama mbele ya watu saba saa kumi na moja alfajiri, mmoja amechelewa, mmoja amenuna, mmoja ni umri wa baba yako, na kazi inatakiwa iwe imekwisha saa mbili kamili.

Nianze na yangu, maana sitaki kuonekana nawafundisha watu jambo ambalo mimi mwenyewe nililiweza tangu mwanzo. Sikuliweza. Nililiharibu vibaya.

Niko mwaka wa tatu, nasoma uhandisi, na nikimaliza nataka kurudi nyumbani kwenye mambo ya maji. Kama wengi wenu nabeba boksi, ila boksi langu mimi ni ndoo na dekio. Tunasafisha jengo la ofisi la ghorofa sita, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili asubuhi, Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumla ni saa 15 kwa wiki, kwa hiyo niko ndani ya zile 20 ambazo viza ya mwanafunzi wa digrii hapa Uingereza inaruhusu wakati wa muhula. Baada ya miezi 8 supavaiza wetu aliacha kazi. Meneja akaniita, akaniambia kuanzia Jumatatu funguo utashika wewe. Nyongeza ya mshahara ilikuwa ya kuchekesha, lakini cheo, wee! Jioni ile ile nilipiga simu Tanga kumwambia mama kwamba sasa nina watu saba chini yangu. Chini yangu! Ndivyo nilivyosema, na leo nikikumbuka naona aibu.

Kwa nini nilichaguliwa mimi? Kwa sababu naandika Kiingereza kinachosomeka na sikuwahi kuchelewa. Basi. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili linalohusu kumsimamia mtu mwingine. Na hivi ndivyo vyeo vinavyopatikana karibu kila mahali, hapa na kwetu. Mwalimu anayefundisha vizuri anapewa ukuu wa shule, muuguzi hodari anapewa wodi, fundi hodari anapewa mafundi wenzake. Siku ya kwanza anakabidhiwa funguo na daftari la mahudhurio, siku ya pili anaulizwa kwa nini watu wake hawafanyi kazi.

Mtu asiyefundishwa hufanya alichokiona. Sasa sisi tumeona nini? Nimefikiri sana, nikaona wengi wetu tumekulia kwenye mifano miwili tu, nyapara na kiranja.

Nyapara sisi watu wa Tanga tunamjua. Neno lenyewe lina safari ndefu, linatoka kwenye misafara ya zamani ya bara ambako mnyampara alikuwa kiongozi wa wapagazi, kisha likahamia mashambani, likafika mpaka magerezani. Babu yangu alikata mkonge zamani za kipande, yaani ile kadi ya kutimiza siku 30 za kazi, na kila hadithi yake ya ujana ina nyapara ndani. Katika hadithi zote hizo sijamsikia hata mara moja nyapara akimwonyesha mtu namna ya kukata. Kazi yake ilikuwa kuhesabu na kukemea.

Kiranja mnamjua wote, Mkenya, Mganda na Mtanzania. Mwalimu akitoka, kiranja anachukua karatasi na kuandika majina ya wapiga kelele. Hawaambii wenzake kwa nini wanyamaze, hamsogelei anayepiga kelele kumuuliza ana tatizo gani. Anaandika jina, mwalimu akirudi anampa karatasi, fimbo zinatembea, na yeye mikono yake safi. Mimi nilikuwa kiranja kuanzia darasa la tano mpaka kidato cha nne. Nilikuwa kiranja mzuri sana, na naomba mlikumbuke hilo.

Timu yangu ilikuwa hivi: mama mmoja wa Kisomali, dada wawili wa Poland, kijana wa Ghana, kaka mmoja Mreno ambaye alikuwa haongei na mtu, Mkenya mwenzetu wa hapa hapa chuoni (mtanisamehe, simtaji), na Mzee mmoja wa Kikongo kutoka Uvira, aliyeishi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kwa miaka mingi kabla hajaletwa huku. Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wengi wetu.

Nianze na Mkenya kwa sababu kosa lake ni jepesi kusimulia. Alikuwa mshikaji wangu. Tulipanda basi moja, tulikula pamoja, notsi za hesabu nilisoma zake. Wiki yangu ya kwanza ya usupavaiza akachelewa dakika 20. Nikasaini kwamba amefika saa kumi na moja. Wiki ya pili akachelewa dakika 40 mara mbili, nikasaini tena. Niseme nini? Mtu wa nyumbani. Wiki ya nne wale dada wa Poland, ambao tangu nianze kazi pale sijawahi kuwaona wakichelewa, wakaingia saa kumi na moja na nusu wakicheka. Nilipouliza, mmoja akaniangalia tu, akamwangalia na Mkenya, akachukua ndoo yake akaenda. Hakusema neno, na hakukuwa na haja.

Hapo ndipo nilipotakiwa kumwita rafiki yangu pembeni siku ile ya kwanza, dakika 20 zile zile, nikamwambia: ndugu yangu, leo umechelewa, kulikoni? Maana huenda kulikuwa na sababu. Basi la usiku huku linapita kila saa, ukilikosa umelikosa. Kama ningejua ningemwomba meneja abadilishe muda wake aanze saa kumi na moja na nusu, jambo ambalo baadaye nilikuja kugundua lilikuwa linawezekana kabisa. Badala yake nilingoja mpaka wiki ya tano, hasira zimejaa, nikamwambia mbele ya watu kwamba sisaini tena. Akakatwa saa zake kwa haki kabisa, na urafiki ukaishia pale. Hadi leo salamu zetu ni za mbali. Alichoniambia siku ile ni kwamba mimi nimelewa cheo. Kwa jinsi nilivyofanya, sikuwa na la kumjibu.

Sasa Mzee.

Malalamiko yalikuja kutoka ghorofa ya tatu, ambayo ni yake. Sakafu inanata. Watu wa ofisi walisema viatu vinashika, na uchafu unarudi kabla ya saa sita mchana. Malalamiko ya kwanza meneja akanitumia mimi. Nikapanda juu, nikaona kweli inanata, nikamwona Mzee anapiga deki kwa bidii, jasho linamtoka, nikamwambia "Shikamoo Mzee, pole na kazi", nikashuka zangu. Nilishindwa kumwambia. Mtu wa umri wa baba yangu, aliyepita vita na kambi, mimi binti wa miaka 23 nimwambie hujui kupiga deki? Kwetu hata kumnyooshea mtu mzima kidole ni kosa. Malalamiko ya pili yakaja. Nikapanda tena, nikamwamkia tena, nikashuka tena.

Malalamiko ya tatu nilifanya ninachokijua. Nikachukua karatasi, nikaandika jina. Nilimwandikia meneja barua pepe ya mistari minane, Kiingereza safi, kwamba pamoja na kukumbushwa mara kadhaa, fulani anaendelea kufanya kazi chini ya kiwango. Kukumbushwa mara kadhaa! Shikamoo zangu mbili nilizihesabu kuwa ndiyo kukumbushwa.

Aliitwa kwenye kikao. Sheria ya hapa ya mwaka 1999 inampa mfanyakazi haki ya kwenda kwenye kikao cha nidhamu na mwenzake wa kazini au mtu wa chama cha wafanyakazi, akiomba. Barua ya wito ilisema hivyo, kwa Kiingereza. Mzee akaenda peke yake, na nadhani aliitikia "yes" kwa kila alichoulizwa. Siku chache baadaye ikatoka barua ya onyo. Alfajiri iliyofuata, kabla wengine hawajafika, akanijia kwenye kile chumba cha kuwekea ndoo, ameikunja vizuri ndani ya bahasha. Akaniambia, "Binti yangu, nisomee hii barua. Mi naona jina langu tu."

Nikasoma. Meneja alikuwa amenukuu mistari yangu neno kwa neno. Nilisimama pale nikitafsiri maneno yangu mwenyewe kwa Kiswahili mbele ya mtu niliyemwandika, na jina langu, ambalo lilikuwa pale chini ya aya ya pili, nikaliruka. Nikasema "supavaiza" tu, kana kwamba supavaiza ni mtu mwingine. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante, akaniuliza swali moja, "Sakafu ina shida gani?"

Jamani. Malalamiko matatu, kikao, barua ya onyo, na yule mtu mpaka siku hiyo alikuwa hajui sakafu ina shida gani.

Tukapanda juu pamoja. Nikamwambia, Mzee naomba unionyeshe unavyochanganya dawa. Akachukua dumu, akamimina kwenye ndoo kama robo lita hivi, akaongeza maji kidogo. Ile dawa ni ya kifuniko kimoja kwa ndoo nzima. Ikizidi inaacha utando sakafuni, utando unanata, na uchafu unashika upesi kuliko kama usingepiga deki kabisa. Maelezo yapo kwenye dumu, herufi ndogo, Kiingereza. Kule alikokuwa akifanya kazi kabla, dawa ilikuja imeshachanganywa, unamimina tu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hii ni tofauti, si supavaiza aliyenitangulia wala mimi. Kadiri tulivyolalamika ndivyo alivyozidisha bidii, na bidii yake ilikuwa kumimina zaidi. Kumwonyesha kulichukua dakika sita, na tangu siku hiyo ghorofa ya tatu haijalalamikiwa.

Kwa aibu ile nikaanza kusoma, na nilichokikuta kimenishangaza kwa jinsi kilivyo cha zamani. Mwaka 1940 Wamarekani, wakijiandaa kwa vita, walikuwa na viwanda vinavyopokea watu wapya kwa maelfu ambao hawajawahi kushika mashine, na wasimamizi waliopandishwa juzi. Wakaanzisha mpango ulioitwa Training Within Industry, ukaendelea hadi 1945. Msimamizi hakupelekwa chuo miaka miwili. Alipewa mafunzo ya namna ya kufundisha kazi, ya mahusiano na watu kazini, na ya kuboresha njia ya kufanya kazi, kila moja kwa saa 10 tu, vikao vitano vya saa mbili mbili. Baada ya vita mpango ukapelekwa Japani, na Toyota ni miongoni mwa waliouchukua wakakaa nao mpaka ukawa sehemu ya utaratibu wao. Kwa hiyo ukiona zile Hiace na Land Cruiser zinavyokimbia kwetu, ujue kuna msimamizi mahali fulani alifundishwa kufundisha.

Somo la kufundisha kazi lina hatua nne, na mimi nimeshalijaribu kwenye ndoo, kwa hiyo nasema ninachokijua. Kwanza unamwandaa mtu: unamtuliza, unamuuliza anajua nini tayari. Swali hilo moja lingemwokoa Mzee, kwa sababu angenieleza habari ya ile dawa ya zamani. Pili unamwonyesha kazi hatua kwa hatua, na kwenye kila jambo la muhimu unamwambia sababu yake. Sisi pale tuna vitambaa vya rangi, chekundu cha vyooni, cha bluu cha ofisini, cha kijani cha jikoni. Ukimwambia mtu "usichanganye rangi" ataona ni mambo ya wazungu tu. Ukimwambia kitambaa cha chooni kikifuta meza ya chakula watu wataumwa matumbo, hutamwambia mara ya pili. Tatu, na hapa ndipo wengi tunaporuka, unamwachia afanye mwenyewe huku akikueleza kwa mdomo wake anachofanya na kwa nini. Usiridhike na "umeelewa?" Kila mtu akiulizwa hivyo na bosi wake anajibu ameelewa, hata mimi kwa profesa wangu najibu hivyo hivyo. Nne unamwacha aendelee, unamwambia akikwama amuulize nani, unapita kumwangalia mara kwa mara, kisha unapunguza. Na msingi wa mpango wote ni kwamba mtu akishindwa kujifunza, wa kwanza kuulizwa ni aliyemfundisha. Someni tena mstari huo halafu mfikirie mabosi mnaowajua.

Sasa wapo watakaosema, dada huyu anataka tuwabembeleze watu, kazi si hivyo, nyumbani ukimchekea nyani utavuna mabua. Ninawaelewa, lakini naona hawajaelewa nilichosema. Nilimchekea Mkenya na nilivuna mabua kweli. Mzee sikumchekea wala sikumkemea, nilimkimbia. Kukemea na kukimbia nimevijaribu vyote viwili, na vyote vinatokana na kutokujua la kufanya. Msimamizi anayejua kazi yake anasema jambo mapema, kwa mhusika, faraghani, likiwa bado dogo.

Suala la wakubwa kiumri nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu ndilo litakalotukuta wengi tukirudi. Mimi nikipata kazi kwenye mamlaka ya maji huko nyumbani, watu nitakaowasimamia ni mafundi bomba wa miaka 50 ambao walianza kazi kabla sijazaliwa. Wanajua kila koki ya mji iko wapi, mimi najua fomula. Nikiingia na Kiingereza changu cha kutoka huku wataitikia "sawa injinia" na bomba litaendelea kuvuja. Zamani nilidhani heshima yetu ya Kiswahili inazuia usimamizi. Siku hizi naona ni kinyume chake. Shikamoo inafungua mlango, tatizo langu mimi nilifika mlangoni nikarudi. Baada ya shikamoo kuna maneno mengi ya adabu ya kumrekebishia mtu mzima kazi: naomba unionyeshe, hebu tuangalie wote, Mzee mimi hapa naona hivi, wewe unaonaje. Na mara nyingi ukiuliza hivyo unagundua wewe ndiye uliyekuwa hujui. Lugha hii tunayo kutoka majumbani. Nashangaa kwa nini tukishapewa meza tunaiacha mlangoni na kuanza kuzungumza kama barua za serikali.

Tena siyo kwamba kwetu hakuna aliyewahi kulifikiria hili. Mwongozo wa TANU wa 1971, kifungu cha 15, ulimkataza kiongozi kuwa na kiburi na dharau kwa anaowaongoza, na wafanyakazi wa viwandani waliuchukulia kwa uzito wake. Ilipofika 1973 migomo ilikuwa imeshatikisa viwanda kadhaa Dar es Salaam, na malalamiko mengi hayakuwa ya mshahara, yalikuwa ya matusi na dharau za mameneja. Serikali yenyewe ikaishia kuwazima waliogoma. Kwa maoni yangu kasoro kubwa ya Mwongozo ilikuwa kwamba ulimwambia meneja asiwe nani, haukumfundisha afanye nini Jumatatu asubuhi.

Sheria za sasa ziko wazi zaidi, na ningependa kila anayefikiria kurudi azisome kabla ya kupanda ndege. Tanzania kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na kanuni za utendaji bora za 2007. Kwa mtu ambaye kazi yake haifikii kiwango, zinamtaka mwajiri achunguze sababu, atoe maelekezo na mafunzo ikibidi, na ampe muda wa kutosha kurekebika kabla hajafikiria kumfukuza. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inasema kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi mbovu lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama akitaka. Kwa lugha anayoielewa! Nilipokisoma kifungu hicho nilimwona Mzee na bahasha yake. Watu wengi wanafukuza kwa hasira halafu wanashangaa kuamriwa kulipa fidia, wakati sheria haikutaka zaidi ya kile ambacho mtu muungwana angefanya bila sheria.

Huko serikalini Tanzania, mwaka 2004 waliacha zile ripoti za siri, ambazo bosi alikuwa anajaza kuhusu wewe bila wewe kuziona, wakaleta OPRAS, ambapo msimamizi na msimamiwa wanakaa pamoja kupanga malengo na kupimana kwa uwazi. Siku hizi imebadilishwa, iko kwenye kompyuta kwa jina jingine. Nilimuuliza shangazi yangu, mwalimu mstaafu, OPRAS ilikuwaje. Akacheka, akasema fomu zilijazwa siku moja, wote kwa mkupuo, tarehe ya mwisho. Mfumo ulibadilika, ila wasimamizi hawakufundishwa kukaa na mtu na kumwambia ukweli usoni, na hilo fomu haiwezi kulifanya kwa niaba yao.

Kwa hiyo tunajifunzia wapi? Hapa hapa, jamani, tena bila ada. Wewe unayepanga rafu supamaketi, unayelea wazee kwenye nyumba za kutunzia wazee, unayepakia maboksi ghalani, una supavaiza. Mwangalie. Alipokufundisha kazi, alikuuliza unajua nini? Ulipokosea alikuambia lini, na mbele ya nani? Daftari langu dogo la mambo hayo limenisaidia kuliko somo la menejimenti nililolipa kwa pauni. Na sisi wa kamati ya chama hiki tusijifanye malaika. Usiku wa Utamaduni uliopita tulipika pilau la watu 200, jikoni tulikuwa watatu, na kwenye orodha ya wapishi kulikuwa na majina 14. Nani aliwauliza wale 11 kama wanajua hata kumenya kitunguu? Mwenyekiti aliandika majina kwenye karatasi. Tena kiranja. (Nampenda mwenyekiti wetu, na vitunguu vyake alimenya mwenyewe mpaka saa nane usiku, ambalo ni kosa jingine: kufanya kazi ya watu 11 peke yako si kusimamia.)

Nimalizie habari ya Mzee, maana najua mtauliza.

Nilikaa wiki mbili na lile jina nililoliruka. Nilikuwa nalala vibaya. Mwishowe nikamngoja kituo cha basi baada ya kazi, nikamwambia Mzee, ile barua pepe niliiandika mimi. Akanyamaza kidogo, akasema anajua. Mtoto wake wa sekondari alikuwa amemsomea barua nzima usiku ule ule ilipofika, pamoja na jina langu. Alikuja kwangu kesho yake kwa sababu alitaka kuona nitaisomaje. Basi likaja, akapanda, mimi nikabaki, lilikuwa si langu.

Nilimwandikia meneja nikieleza kosa lilivyokuwa, kwamba hakufundishwa, na kwamba maneno "kukumbushwa mara kadhaa" hayakuwa kweli. Akanijibu kwa upole kwamba utaratibu umeshakamilika, muda wa rufaa ulikuwa siku tano za kazi na umepita, ila maelezo yangu yatawekwa kwenye faili pamoja na onyo. Onyo lenyewe ni la miezi sita. Lilitoka Septemba, kwa hiyo nguvu yake inakwisha mwezi wa tatu. Mpaka wakati huo ghorofa ya tatu naikagua mimi kabla meneja hajafika, na Mzee ananiachia mlango wazi.